Dagaa msiwasingizie

Dada, umesema unapiga mswaki kila asubuhi na bado mdomo unanuka, unahisi ni dagaa. Sisi wa Kigoma tukiwasusia dagaa na migebuka tutakula nini? Harufu ya samaki au kitunguu huisha yenyewe baada ya muda. Inayorudi kila siku chanzo chake mara nyingi ni ulimi.

Jaribu hivi: lamba nyuma ya kiganja, subiri kikauke kidogo, kisha nusa. Halafu simama kwenye kioo, toa ulimi nje. Ukiona utando mweupe au wa njano huko nyuma, hapo ndipo bakteria wanapokaa wakitoa gesi yenye salfa, ile ya yai viza. Kwangua taratibu, kuanzia nyuma kuja mbele. Kichefuchefu kitakushika siku za mwanzo, utazoea.

Mswaki wa usiku ndio wa maana kuliko wa asubuhi, maana ukilala mate hupungua na mabaki ya ugali yanachachia mdomoni. Dakika 2, dawa yenye floraidi, na uzi wa meno kule mswaki usikofika. Maji kunywa ya kutosha, hasa kiangazi. Bigijii ya mnanaa inaficha tu.

Fizi zikitoa damu, ujue huenda kuna ugaga, yaani uchafu ulioganda ukawa mgumu kwenye meno, na huo mswaki hauung'oi. Nenda kitengo cha meno hospitali ya mkoa wakusafishe. Ukisafishwa na bado inanuka, waulize kuhusu tonsesi, zile nyama za kooni, maana harufu inaweza kutoka huko.