Fimbo ya nzi bandia: angalia maji kwanza, ndipo uchague mpindo

Kijana anayeanza uvuvi wa nzi bandia, yaani ndoana iliyofungwa manyoya au nyuzi ifanane na mdudu, hapa Arusha au Moshi karibu kila mara huanza na swali lile lile: fimbo ipi ni nzuri? Ukimuuliza muuzaji hivyo, atakupa ya bei ya juu. Jiulize kwanza utavulia maji gani, samaki wako atakuwa umbali gani kutoka ulipo, na kama mahali penyewe pana upepo. Ukishajua hayo, fimbo inajichagua.

Fimbo hizi zinatofautiana hasa kwa mahali zinapopinda. Yenye mpindo wa juu hupinda theluthi ya kuelekea ncha tu. Huko chini imekaza, na ukiisimamisha hunyooka mara moja. Ya mpindo wa kati hupinda mpaka katikati. Ya mpindo wa chini hupinda yote hadi karibu na mkono wako, na hurudi taratibu. Namba iliyoandikwa juu ya mpini ni habari nyingine. Hiyo inakuambia uzito wa mshipi unaoifaa: mita 9 za mwanzo za mshipi namba 5 zina uzito wa gramu 9 hivi, na za namba 8 zinakaribia gramu 14. Kwa hiyo unaweza kukuta fimbo mbili za namba 5, za urefu mmoja, moja imekaza na nyingine inalegea, na zikavua tofauti kabisa.

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nitapaeleza polepole. Nzi bandia karibu hana uzito wowote. Katika uvuvi wa kufunga kipande cha risasi kwenye uzi, au wa chambo kizito, kile kizito ndicho kinachovuta uzi nje. Kwenye uvuvi wa nzi bandia unarusha mshipi wenyewe. Uzito wa mshipi uliotoka nje ya ncha ndio unaoipinda fimbo, na fimbo inaponyooka ndipo mshipi unapokwenda mbele. Ukitoa mita 9, fimbo inapata uzito iliyotengenezewa. Ukitoa mita 5, inapata karibu nusu. Fimbo ya mpindo wa juu ikipewa nusu ya uzito haipindi. Unahisi umeshika kijiti kikavu, na mshipi unaangukia miguuni umejikunjakunja. Mgeni hudhani mkono wake ndio mbaya. Mara nyingi mkono hauna shida, ni fimbo haijapata cha kuipinda.

Sasa twende Duluti, maana wengi wa upande wa Arusha wataanzia hapo. Ni ziwa la kreta pale Tengeru, kingo zake zina mwinuko mkali na msitu unashuka mpaka kwenye maji. Nyuma yako ni miti, kwa hiyo ule urushaji wa kupeleka mshipi nyuma kwanza, unaouona kwenye video, hauwezekani sehemu nyingi. Unarusha kwa kubingirisha: unainua fimbo polepole, mshipi ukiburuzika juu ya maji kuja kwako, unangoja mpaka uning'inie kando ya bega, kisha unapiga mbele na kusimama ghafla. Mshipi unajikunjua juu ya maji kama mkeka. Kinachoipinda fimbo hapo ni kipande kifupi cha mshipi pamoja na mshiko wa maji, uzito mdogo sana. Fimbo ya mpindo wa kati, namba 4 au 5, inauhisi uzito huo na kuutumia. Ile iliyokaza haitakusaidia kitu.

Halafu kuna samaki mwenyewe. Perege hang'ang'anii ndoana. Anaweza kunyonya nzi mdogo wa ndoana namba 12 au 14 na kumtema kabla hujajua. Unachokiona ni mshipi kusita kidogo, au ncha yake kusogea upande upana wa kidole. Unainua tu, hukwanyui. Na kwa kuwa uzi wa mbele, ule unaounganisha mshipi na nzi, unatakiwa uwe mwembamba ili perege asiutilie shaka, fimbo inayolegea inakulindia uzi huo: samaki akigeuka kwa nguvu, fimbo inatoa kabla uzi haujakatika. Kwangu mimi sababu hii peke yake inatosha kumwambia mtu wa Duluti asinunue fimbo iliyokaza. (Eneo hilo ni hifadhi ya msitu, unalipia kuingia, na leseni ya uvuvi ni lazima, iwe unauza samaki au unajifurahisha. Anzia kwa ofisa uvuvi wa halmashauri yako.)

Kwenye vijito, kama sehemu za juu za Kikuletwa na Weruweru, nafasi ni finyu zaidi. Vichaka viko pande zote na unarusha mita 4 au 5. Hapo ndipo mpindo wa chini unapokuwa na kazi, kwenye fimbo fupi ya futi 7 au 7 na nusu. Sharti lake ni subira: usipoingoja fimbo imalize kupinda, mshipi unakatiza njia yake wenyewe na kujifunga fundo. Pale kwenye chemchemi ya Chemka penyewe watu wanaogelea, usirushe ndoana.

Nyumba ya Mungu ni dunia nyingine. Bwawa hilo la miaka ya 1960, kusini mwa Moshi, liko kwenye tambarare kavu isiyo na miti ya kukinga upepo. Mchana upepo ukikupiga usoni, fimbo ya kati itakuchosha: mshipi unafunguka kwa duara pana, upepo unalikamata duara na kukurudishia. Fimbo ya mpindo wa juu, namba 7 au 8, futi 9, hutoa duara jembamba linalokwenda kwa kasi na kupenya. Hapo pia utatoa mita 15 na zaidi, kwa hiyo uzito wa kuipinda upo. Tena kambare mkubwa akijisukuma kuelekea kwenye magugu, ile sehemu ya chini iliyokaza ndiyo itakayomgeuza. Kabla hujaingia majini muulize mvuvi wa pale mahali pa kusimama. Bwawa liko kwenye Mto Pangani, na mto huo una mamba.

Mbali na kwetu nitasema kwa kifupi. Mnyera na Ruhudji, bonde la Kilombero, kuna samaki mla samaki mwenye meno makali, tigerfish kwa Kiingereza, ambaye watu wa Kigoma humwita kibebe. Mdomo wake ni mfupa, hivyo fimbo iwe namba 8 au 9, imekaza, na mbele ufunge waya. Baharini Tanga au Pemba kwa kolekole vivyo hivyo, namba 9 kwenda juu, na uisuuze kwa maji yasiyo na chumvi jioni hiyo hiyo.

Kama pesa inatosha fimbo moja tu, na unaishi huku, nunua ya mpindo wa kati, namba 5 au 6, futi 8 na nusu au 9. Itakuhangaisha siku za upepo, lakini itakufundisha. Unausikia mshipi mkononi ukinyooka nyuma, na ukishausikia utajua lini upige mbele. Fimbo iliyokaza haikupi habari hiyo mpaka uwe umeshajua.

Fimbo nyingi zinazozunguka mjini ni za mkono wa pili, zimeachwa na wageni, na usiamini maandishi yaliyo juu yake, kwa sababu kila kampuni ina kipimo chake cha ugumu. Kuitikisa dukani hakukuonyeshi kitu. Pitisha mshipi kwenye pete zote, mpe mwenzako ncha ya mshipi arudi hatua kadhaa na kuvuta polepole, wewe umeinua fimbo nusu. Tazama kutoka pembeni inapinda wapi. Kisha nenda kwenye nyasi, funga kipande cha sufu nyekundu badala ya nzi, urushe mita 6, halafu 9, halafu 15. Umbali ambao sufu inatua kwa upole bila wewe kulazimisha ndio umbali wa fimbo hiyo. Linganisha na maji yako. Mwisho, ichomoe vipande na kupitisha kucha kwenye kila kiungo. Ukikuta ufa mwembamba kama unywele kwenye mdomo wa kiungo, mrudishie mwenyewe hata kama anaitoa kwa bei ya bure, maana itavunjika hapo hapo siku utakapompata samaki mkubwa.