Meza ya Kocha: Mbona bingwa wa vyuo huchapwa akifika ligi ya kulipwa?

SWALI: Hapa kwa kinyozi tumebishana wiki nzima. Mimi nasema kocha wa mpira wa kikapu aliyebeba taji la vyuo Marekani anaweza kulibeba la NBA, ligi ya kulipwa ya huko, pia, maana mpira ni ule ule na ringi iko futi kumi kotekote. Wenzangu, wale wa kuamka saa kumi alfajiri kutazama mechi, wananitajia Pitino na Beilein kisha wanacheka. Nani ana haki?
*Msomaji, Umoja*

JIBU: Ringi ni futi kumi, hapo hujakosea. Lakini wenzako nao wana ushahidi. Rick Pitino alitwaa taji la vyuo akiwa na chuo cha Kentucky mwaka 1996, mwaka uliofuata akaenda klabu ya NBA ya Boston Celtics, na alipong'atuka Januari 2001 alikuwa ameshinda mechi 102 na kupoteza 146. John Calipari alitoka chuo cha Massachusetts mwaka 1996 kwenda New Jersey Nets. Msimu wa 1999 ulipoanza kwa ushindi 3 na vichapo 17 akatimuliwa. John Beilein aliifikisha Michigan fainali za vyuo mara mbili, 2013 na 2018, lakini pale Cleveland Cavaliers ya NBA alidumu mechi 54, akashinda 14. Jerry Tarkanian, bingwa wa 1990 na UNLV, chuo cha Las Vegas, alipewa mechi 20 tu na klabu ya San Antonio mwaka 1992.

Kabla hujawacheka, tazama walichokabidhiwa. Klabu yenye afya haina haja ya kwenda chuoni kutafuta mwokozi. Boston ilikuwa imetoka kushinda mechi 15 na kupoteza 67. Cleveland ilikuwa imeshinda 19 katika msimu wa kwanza baada ya nyota wake LeBron James kuhama. Tim Floyd, kocha mwingine wa chuo, alipewa Chicago mwaka 1998, nyota Michael Jordan na Scottie Pippen wakiwa wamekwenda zao; akaondoka na ushindi 49 kwa vichapo 190. Nyumba ilikuwa imeshahamwa, yeye akakabidhiwa ufunguo.

Hata hivyo kuna jambo lingine, na ndilo wengi hawalioni. Kocha wa chuo akipanda, ujuzi wake haupotei. Zana zake ndizo hubaki nyuma. Chuoni yeye ndiye huchagua wachezaji: anakwenda hadi nyumbani, anaketi na mzazi, anarudi na kijana. Kikosi kile cha Kentucky cha 1996 kilikuwa na watu tisa ambao baadaye walicheza NBA. Ukiwa na benchi namna hiyo unawabana wapinzani uwanja mzima kwa dakika zote 40. Wa kwanza wakichoka unaingiza wengine wanaolingana nao. NBA mechi ni dakika 48, na mechi zenyewe ni 82 kwa takriban miezi sita, pengine siku mbili mfululizo katika miji miwili. Mwili haubebi. Isitoshe, mchezesha timu wa kiwango kile akifuatwa na walinzi wawili hapapatiki. Anapitisha pasi moja juu ya mabega yao, wenzake wanakuwa wanne dhidi ya watatu, na mpira unaishia kona, ambako mstari wa pointi tatu uko mita 6.70 badala ya 7.24 za katikati.

Zana ya pili ni muda. Chuoni sheria inaruhusu saa 20 za mazoezi kwa wiki wakati wa msimu, na mechi huwa mbili hivi. NBA mechi ni tatu au nne kwa wiki, hivyo kinachoitwa mazoezi mara nyingi ni kupitia michoro kwa mwendo wa kutembea asubuhi ya mechi. Ya tatu ni ulinzi wa eneo, yaani kila mlinzi kulinda sehemu yake ya uwanja badala ya mtu wake. Tangu msimu wa 2001–02, mlinzi wa NBA haruhusiwi kukaa ndani ya eneo la rangi, lile lililo chini ya ringi, zaidi ya sekunde tatu bila kuwa karibu na mtu anayemkaba. Akikaa, wapinzani wanapewa mtupo mmoja huru na mpira unabaki wao. Yule jamaa mrefu uliyemsimamisha chini ya ringi kama mlinzi wa lango hana kazi tena.

Lakini tusimwonee Pitino. Huyu huyu aliifundisha New York Knicks kati ya 1987 na 1989, na msimu wake wa pili akashinda mechi 52 kwa kubana huko huko. Pale Boston alibeba kofia mbili: kocha na rais wa klabu. Mwaka 1997 alimchagua Chauncey Billups katika nafasi ya tatu, kisha akambadilisha na Toronto baada ya mechi 51. Aliyefungwa jana usiku asiachiwe kuuza mchezaji leo asubuhi. Brad Stevens alipofika Boston hiyo hiyo mwaka 2013 kutoka chuo cha Butler, akiwa na miaka 36, alipewa mkataba wa miaka sita, na usajili ulikuwa mikononi mwa Danny Ainge. Msimu wa kwanza alipoteza mechi 57. Hakuna aliyemfukuza, na akafika fainali za kanda ya mashariki mara tatu.

SWALI: Nimefundisha timu ya chuo kikuu hapa Nairobi miaka minane na tumebeba mataji ya vyuo. Mwaka huu nimechukuliwa na klabu ya Ligi Kuu ambayo wachezaji wake wanalipwa. Kati ya mechi kumi nimepoteza saba. Robo mbili za mwanzo tunakwenda bega kwa bega, ya tatu tunamwagika. Wachezaji wangu wawili wa miaka 30 na kitu wanachelewa mazoezini, na nikiwaweka benchi timu nzima inanuna. Nikaze au nilegeze?
*Kocha, Lang'ata*

JIBU: Anza na robo ya tatu, Kocha, maana hayo ya kununa yanatokana nayo zaidi ya unavyodhani. Chukua karatasi za matokeo za mechi zote kumi, uhesabu kila mchezaji alikaa uwanjani dakika ngapi kabla ya mapumziko. Kama watano wako wa kwanza wamecheza 17 au 18 kati ya 20, umeshapata jibu. Kijana wa miaka 20 anastahimili. Mwenye miaka 33 aliyeshinda kazini tangu saa mbili asubuhi hastahimili: miguu inakufa, mlinzi anaanza kunyoosha mkono badala ya kusogea, na fauli zinafuata.

Dakika 40 kwa watu watano ni dakika 200. Zigawe kwenye karatasi kabla ya mechi. Kinara 30, wawili 28 kila mmoja, wawili wengine 24 kila mmoja: hizo ni 134. Zilizobaki 66 wape wanne kutoka benchi, tuseme 20, 18, 16 na 12. Mkongwe wako wa dakika 24 mkatie vipande vinne vya dakika sita, kimoja kila robo, na umtoe saa ikifika hata kama amefunga mara mbili mfululizo. Hapo ndipo makocha wengi hujisaliti. Wanamwacha kwa kuwa mkono umepata moto, halafu robo ya tatu wanamtafuta hawampati.

Kubana uwanja mzima usikuache kabisa. Fanya hivyo baada ya mtupo huru ulioingia na baada ya kila taimauti, basi. Na ubadilishe lengo: msiende kupora mpira, nendeni kula sekunde. Wapinzani wana sekunde 8 za kuvuka nusu ya uwanja. Wakivuka ya saba, wamebaki na 17 kati ya 24 za kushambulia, na mara nyingi mtupo utakuwa wa haraka tena wa mbali. Mlinzi wa mbele asirukie mpira. Akiruka tu, amepitwa. Ulinzi wa eneo unao bado, maana sheria za FIBA, shirikisho la dunia la mchezo huu, tunazochezea hapa hazina ile ya sekunde tatu kwa mlinzi.

Kuhusu taimauti: una mbili kabla ya mapumziko na tatu baada yake, na za mwanzo hazivuki kwenda nusu ya pili. Katika dakika mbili za mwisho za robo ya nne huruhusiwi zaidi ya mbili, kwa hiyo ile ya tatu usipoitumia mapema imekufa. Itumie robo ya tatu, wapinzani wakifunga sita bila jibu, usingoje kumi. Umwambie msaidizi wako aiombe mezani mapema. Haitolewi hadi mchezo usimame au mpinzani afunge.

Sasa wachelewaji. Chuoni benchi ni adhabu ya nidhamu. Kwa mtu wa mkataba, dakika ndizo atakazoonyesha akijadili mshahara mwakani, kwa hiyo ukimkalisha bila neno anaona umemkata mfukoni, na wenzake wanaona vivyo hivyo. Muulize kwanza anatoka wapi. Kama ni Eneo la Viwanda anatoka saa kumi na moja, na mazoezi yanaanza saa kumi na moja na nusu, Mombasa Road imeshamfungia. Sogeza mazoezi hadi saa moja usiku na upunguze muda: dakika 75 zilizopangwa zinashinda saa mbili na nusu za kupigiana kelele. Akichelewa baada ya hapo, faini iwe imeandikwa na wote wameitia sahihi, akusanye nahodha, si wewe. Na mwenye kupunguziwa dakika aambiwe siku moja kabla, mkiwa wawili, kwa maneno ya kazi: "Kaka, kesho nakupa 18, nataka umkabe yule kumi na moja wao asipate mpira upande wa kulia."

Vikao vya video visizidi dakika 12 na vipande kumi, vitatu vya mwanzo viwe vya mambo mazuri. Kosa la mkongwe mwonyeshe pembeni kwenye simu. Januari 2020 ni katika kikao cha video ndipo Beilein alipowaita wachezaji wake neno lililowachoma. Aliomba radhi, akasema ulimi uliteleza, lakini Februari alikuwa ameshaondoka.

SWALI: Siku hizi wachezaji wa vyuo Marekani nao wanalipwa. Si tofauti imekwisha?
*Mwanafunzi, Kahawa Wahindi*

JIBU: Imepungua. Tangu Julai 2021 wanaruhusiwa kupata pesa kwa jina na sura zao, na tangu 2025 vyuo vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Kocha anazoea mapema kuzungumza na kijana mwenye wakala. Wingi wa mechi na uhaba wa mazoezi uko pale pale. Dan Hurley, bingwa wa 2023 na 2024 na Connecticut, aliitwa na Los Angeles Lakers Juni 2024 akakataa.

SWALI: Kuna kocha hata mmoja aliyeshinda kotekote?
*Msomaji, South B*

JIBU: Mmoja, Larry Brown: taji la vyuo na Kansas mwaka 1988, la NBA na Detroit mwaka 2004. Yeye lakini alikuwa ameshafundisha ligi za kulipwa kabla ya kwenda Kansas, kwa hiyo alipita njia kinyume. Mchezaji bora wa fainali za 2004 alikuwa Chauncey Billups, yule yule aliyeachiwa na Boston baada ya mechi 51.