Re: Kupima ufuo wa Diani kwa setilaiti

Bro umeuliza kama picha za setilaiti peke yake zinatosha kuonyesha Diani imeliwa na bahari kiasi gani, ukiwa hapa Nairobi na bajeti ndogo ya kushuka Coast. Kwa mwelekeo wa miaka mingi zinasaidia sana na ni za bure, ila piseli (kidoto kimoja cha picha) ya setilaiti za Landsat ni mita 30 na ya Sentinel-2 ni mita 10, so mabadiliko ya mita mbili usiyatafute hapo.

Kitu kinaniuma ni watu kusahau maji kujaa na kupwa. Chukua ufuo unaoshuka mita 1 kwa kila mita 20, maji yakipanda mita moja tu ukingo wa maji umesogea mita 20 nchi kavu na mchanga wote uko palepale, na wakati wa bamvua (maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu) pwani yetu maji hupanda mita 3 na zaidi, alafu mtu anachora ramani anaandika mmomonyoko!

Ukishuka beba GPS ya RTK (ile inayosahihishwa papo hapo hadi kama sentimita mbili), anzia kwenye alama ya zege isiyosogea na upime ukielekea majini yakiwa yamekupwa. Chini ya fimbo inayobeba GPS funga kisahani kipana, maana ncha ikizama sentimita tano kwenye mchanga laini ule usahihi wa sentimita mbili umeisha. Droni pia poa, ila kwanza kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Kenya.

Na urudi msimu uleule tafadhali, pepo za kaskazi na kusi kila moja husogeza mchanga kivyake, Januari usiilinganishe na Julai.