Barua kwa mwanangu: ukiuza nyumba na duka halitoki

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Huku wazima, joto tu. Wajukuu wangu wabusu.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho. Umepata mnunuzi wa ile nyumba ya Mishomoroni, bei imekupendeza, ila mwenyewe anaitaka tupu. Familia iliyopanga vyumba vya nyuma imesema itatoka. Yule baba wa duka la mbele amekataa katakata. Sasa waniuliza: nyumba ni yako, hati ina jina lako, mbona usimkatie umeme, au fundi aje ang'oe mlango, atoke mwenyewe?

Usithubutu. Namhurumia, ndiyo, maana amelea watoto wake kwa duka lile, lakini si kwa huruma nakukataza. Sheria iko upande wake kuliko unavyodhani, na siku utakayong'oa mlango hata kile kidogo kilicho upande wako utakipoteza. Ataamka asubuhi aende kushtaki, apewe amri ya kukuzuia, nawe ubaki na nyumba isiyouzika na kesi juu yake.

Miaka niliyokuwa karani kwa mawakili pale Nkrumah Road, faili za namna hii hazikukauka mezani. Karibu zote zilikuwa na mwanzo mmoja: mwenye nyumba kapata mnunuzi, kapokea arubuni, ile pesa ya kutangulia, ndipo akakumbuka kuwa mna mtu ndani.

Sisi husema "mpangaji" tukadhani wapangaji wote ni sawa. Kwa sheria zetu za Kenya, chini ya paa lako wamo wa aina mbili.

Wale wa vyumba jambo lao ni jepesi. Ipo sheria ya kudhibiti kodi za makazi, lakini inalinda nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, nao wakulipa zaidi ya hapo. Kwa hivyo wanaangukia Sheria ya Ardhi ya 2012. Anayelipa kwa mwezi bila mkataba wa muda maalumu hupewa notisi isiyopungua mwezi mmoja, na hiyo notisi iishe siku ambayo kodi hulipwa. Ukimwandikia tarehe 10 wakati kodi yake ni ya tarehe 1, umempa wakili wake pa kuanzia. Wamekubali kutoka, alhamdulillahi, lakini waandikie hata hivyo, na nakala watie sahihi. Watu hubadilika wakisikia bei ya nyumba. Wakigeuka baada ya muda wao kuisha, hapo wamekaa bila ridhaa yako, na sheria hiyohiyo yataka notisi nyingine ya maandishi, si chini ya miezi 3, kabla ya mtu kutolewa. Wao nao wana haki ya kwenda mahakamani kuipinga.

Duka ni habari nyingine kabisa. Tangu 1965 Kenya ina sheria inayolinda wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa. Kama hamna mkataba wa maandishi, au upo wa muda usiozidi miaka 5, mpangaji huyo analindwa. Wewe na yeye mliandikiana nini? Hakuna. Mlipeana mikono kibarazani. Basi analindwa. Ndiyo maana wenye majengo makubwa ya mjini hupenda mikataba ya miaka 5 na miezi 3, au 6. Ile miezi inayozidi si ya urembo, imewekwa makusudi ili mpangaji atoke nje ya sheria hiyo.

Mpangaji anayelindwa haondoki kwa neno la mdomo wala kwa barua ya kawaida. Notisi yake ina fomu maalumu, haipungui miezi 2, na lazima itaje sababu. Asipokubaliana nayo, anapeleka shauri kwenye jopo la kodi za majengo ya biashara kabla ya tarehe ya notisi kufika, na tangu hapo notisi yako imelala mpaka jopo liamue. Huko hakuna haraka ya mnunuzi wako.

Na sasa shika hili, maana ndilo lililonifanya niandike badala ya kukupigia simu. Sababu za kumtoa zimeorodheshwa ndani ya sheria yenyewe: ameshindwa kulipa kodi miezi 2 baada ya muda wake au kila mara hulipa kwa kuchelewa, amevunja masharti kwa kiasi kikubwa, ameacha jengo liharibike ilhali matengenezo ni juu yake, wataka kubomoa au kujenga upya na huwezi akiwa ndani, wataka kulitumia mwenyewe kwa biashara au makazi kwa muda usiopungua mwaka. Ziko na nyingine mbili, hazikuhusu. Kutaka kuuza hakumo, Baba. Hata ungekuwa na mnunuzi wa mamilioni, kuuza si sababu.

Najua utakachoniambia. "Basi nitaandika kuwa nataka kubomoa." Utaulizwa ramani zilizoidhinishwa na kaunti, na pesa za kujengea ziko wapi, huku dalali wako ameibandika nyumba kwenye simu ya kila mtu. Au "nitasema nataka kukaa mwenyewe", nawe uko Doha na familia yako yote. Mnunuzi naye asijidanganye: aliyenunua jengo lenye mpangaji wa namna hii hawezi kutumia sababu ya kukaa mwenyewe mpaka miaka 5 ipite tangu anunue. Mwambie hilo mapema, asije akakulaumu.

Kumpandishia kodi ili akimbie pia kumefungwa, kwani mabadiliko ya kodi yanapita kwenye notisi ileile ya miezi 2 na jopo lilelile. Kukataa kodi yake ili adaiwe ni mchezo wa zamani, hamna asiyeujua. Na kumletea dalali wa mnada achukue mali ya duka, mtu hadaiwi hata senti, huko ni kujitafutia kesi.

Hatari yako kubwa kuliko zote iko kwenye karatasi utakayotia sahihi, hata kumshinda huyo baba. Mauzo yetu kwa kawaida ni arubuni ya asilimia 10 na siku 90 za kumaliza. Mkataba ukisema utamkabidhi mnunuzi nyumba tupu, siku ya 90 ifike na duka liko wazi lauza unga na sukari, aliyevunja mkataba ni wewe. Atataka arubuni yake, na gharama juu. Mpangaji hatakuwa na neno, hakusaini kitu.

Kwa hivyo ikiwa wataka kuuza, nyumba iuzwe na mpangaji wake. Mwandikie mnunuzi wazi: duka lina mtu, analipa kiasi hiki, hadaiwi, analindwa na sheria. Bei ile ya mwanzo huenda isisimame, mnunuzi akaomba kupunguziwa. Mpunguzie kidogo. Kuna watu wanaotafuta nyumba hasa kwa sababu ina kodi inayoingia kila mwezi, na dalali mzuri anawajua. Siku ya kukabidhiana, kodi ya mwezi ule igawanywe, amana ya mpangaji uliyoishika ihamie kwa mwenyewe mpya, kisha umwandikie baba wa duka kuwa kuanzia tarehe fulani kodi amlipe fulani. Upangaji wake unaendelea kama ulivyokuwa, umebadilika mpokea kodi tu.

Mnunuzi aking'ang'ania tupu, basi pesa ndiyo itakayosema. Mfuate mpangaji umuulize atachukua ngapi aondoke kwa hiari. Huku kwetu mtu anayeingia duka lililozoeleka hulipa kilemba, yaani pesa ya kupewa nafasi ile, sasa kwa nini anayetoka asipewe chochote? Wateja wake hatawabeba mgongoni. Mkikubaliana, iandikwe kwa wakili, sehemu alipwe mkitia sahihi na kubwa alipwe akishakabidhi funguo na duka likiwa jeupe. Usimlipe zote mwanzo hata akulie machozi. Na hayo yote yawe yamekwisha kabla hujasaini na mnunuzi, si baada.

Lakini kabla ya kilemba, mbona hukumuuliza kama atainunua yeye? Umehangaika na madalali wa mjini, na mtu aliye ndani, anayeijua kila ufa na kila bomba, hukumtamkia. Hawa wenye maduka husema hawana, kisha waende kwenye sako yao, chama cha akiba na mikopo, warudi na jibu. Akinunua yeye, suala la kutoka linakufa hapohapo. Hata asipoiweza bei, utakuwa umemheshimu, na mtu aliyeheshimiwa hujadiliana. Nimesikia kwa jirani kuwa kilichomkasirisha ni kupata habari ya kuuzwa kutoka kwa dalali aliyekuja kupima duka kwa futi mbele ya wateja wake. Hilo mimi ningekasirika pia.

Mengine kwa ufupi. Ushuru wa faida ya mauzo tangu 2023 ni asilimia 15, nao ni juu yako muuzaji, kwa ile faida inayobaki ukishatoa ulichonunulia na ulichojengea. Zile risiti za saruji na mabati nilizokuambia usitupe, sasa zina kazi. Ushuru wa stempu ni wa mnunuzi, asilimia 4 kwa mjini. Na kwa kuwa hupo, anayekutilia sahihi huku lazima awe na hati ya uwakala iliyosajiliwa. Karatasi ya mkono haitoshi, wala ujumbe wa simu.

Wakili mtafute wako mwenyewe. Usitumie wa mnunuzi kwa kubania gharama. Nitakupa majina mawili ya niliowaona wakifanya kazi, uchague.

Mimi Jumamosi baada ya alasiri nitakwenda dukani kwake kununua mchele, kama ninavyofanya siku zote, nimuulize mambo mawili tu: je, angependa kununua, na kama hataki, angetaka nini ili aondoke. Sitamwahidi kitu kwa jina lako. Nitakachojibiwa nitakuandikia.

Mpaka hapo usisaini, usipokee arubuni, na fundi mwambie abaki kwake. Dalali akikuharakisha, mwambie mamako amesema asubiri. Kama hawezi, Mombasa haina uhaba wa nyumba za kuuza.

Mamako