Chiriku aliyekosa ustadhi

SWALI: Assalaam aleykum mwalimu. Nafuga chiriku wa njano hapa Langoni, Lamu. Mmoja alianguliwa nyumbani kwangu, baba yake akafa makinda wakiwa bado kiotani, akalelewa na mamake tu. Sasa ana miezi saba. Anaimba, lakini wimbo umekatikakatika, na katikati anatia ule mlio wa simu yangu ya kuniamsha alfajiri! Jirani asema nyuni huyu ana ila ya koo. Ninaye pia bata aliyeatamiwa na kuku, akakua na vifaranga, na leo analia kibata safi bila kufunzwa na mtu. Mbona chiriku ashindwe? Nimwekee nyimbo za chiriku kwenye simu?

JIBU: Waaleykum salaam, bwana. Koo usililaumu bado. Ukimwona anahema mdomo wazi, mkia ukipanda na kushuka kwa kila pumzi, au usiku ukasikia pumzi zake zinadata, huenda ni utitiri wa njia ya hewa, na hapo mpeleke kwa daktari wa mifugo. Kama hana dalili hizo, alichokosa ni ustadhi.

Bata wako amenirahisishia kazi. Bata, kuku, njiwa, hata punda wa mtaani kwenu, huzaliwa na sauti zao. Mwaka 1963 mtafiti Masakazu Konishi alionyesha kwamba kuku waliofanywa viziwi wangali wadogo walikua wakilia kama kuku wengine. Chiriku hawezi hivyo. Yeye ni wa ukoo wa ndege waimbaji, ambao pamoja na kasuku na wale ndege wavumaji wa Amerika hupata sauti zao kwa kusikia. (Na yule kunguru anayekuibia samaki, usicheke, kwa nasaba naye ni ndege mwimbaji.)

Kinda wa kiume kwanza husikiliza tu, akiuweka wimbo wa mkubwa kichwani. Baadaye huanza kugugumia peke yake, sauti ya chini isiyo na umbo, huku masikio yake mwenyewe yakipima alichotoa na alichohifadhi. Ni kama mtoto wa chuoni: husikia sura mara nyingi kabla ulimi haujaifuata, kisha huikosea weee, mpaka inyooke. Chiriku wako alifika hatua ya kugugumia bila kitu cha kupimia. Huko Cambridge, Uingereza, katika miaka ya 1950, mtafiti W. H. Thorpe alilea ndege wa jamaa ya chiriku bila kuwasikilizisha wakubwa. Wimbo wao ulikuwa na urefu wa kawaida, lakini hauna mafungu wala ule mwisho wa mbwembwe. Bila shaka waujua wimbo wa namna hiyo.

Ule mlio wa simu usikutie hofu. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walitoa habari za chiriku wachanga waliosikilizishwa nyimbo za ajabu zilizotungwa na kompyuta. Waliziiga vizuri. Lakini walipokomaa na msimu wa kuzaana ukafika, wakazipanga upya kwa mtindo wa kichiriku. Bahati yako ni kwamba chiriku wa kufugwa huurekebisha wimbo wake mwaka hadi mwaka. Angekuwa zebra finchi, wale wadogo wa Australia wenye mdomo mwekundu, ningekupa pole: wimbo wao huganda wakifika takriban siku 90, haubadiliki tena, na basi.

Rekodi ya simu itasaidia kidogo, ila usiitegemee. Kuna shomoro wa Marekani mwenye utosi mweupe ambaye ilidhaniwa hafundishiki akipita siku 50, kwa sababu kanda za sauti hazikumwingia. Mwaka 1984 watafiti Luis Baptista na Lewis Petrinovich wakamwekea mwalimu hai wa kuonana naye, akajifunza hata baada ya umri huo. Mwenye kuitikia, kukutazama na kukugombeza ana nguvu kuliko spika.

Si ndege tu. Kule Tsavo, kwenye makazi ya ndovu yatima, ndovu mchanga wa kike aitwaye Mlaika alinaswa akitoa mngurumo wa malori ya barabara ya Nairobi–Mombasa, iliyo kilomita 3 kutoka alipolala. Habari zake zilichapishwa mwaka 2005.

Kwa hiyo azima dume mzima anayeimba vizuri, umweke tundu lake kando ya la huyu, waonane lakini wasigusane maana madume hupigana. Wakinyonyoka manyoya watanyamaza, subiri. Usikamate chiriku wa porini awe mwalimu: wimbo wake ni mwingine, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haikuruhusu kumfuga bila kibali.

Na simu ya alfajiri ihamishie chumba kingine.