Koyote wanamaliza mbuzi: achukue bunduki gani?

SWALI: Wakubwa wa gazeti, salamu kutoka Katuba, Lubumbashi. Mdogo wangu yuko Texas, anafuga mbuzi kwenye shamba la wazi lenye upepo mwingi. Koyote wanakuja alfajiri kubeba vitoto. Anawaona kwenye mita 100 hadi 200. Muuzaji amemwonyesha bunduki za .22 ndogo, .223 na .243 (namba hizo ni saizi za risasi). Aliazima .223 ya jirani, lakini leo inapiga katikati, kesho pembeni. Achukue ipi?

JIBU: Achukue .223 ya bolti, yaani inayokokwa kwa mkono kila risasi. Koyote ni jamaa wa mbweha wetu, kilo 10 hadi 16 hivi. Manyoya yanadanganya: pale penye moyo na mapafu hapazidi sana kiganja kilichokunjuliwa. Risasi ya .22 ndogo ina gramu 2.6 tu na nguvu yake huisha mapema. Itamjeruhi mnyama akafie vichakani kwa mateso. .243 ni nzuri kama atawinda na kulungu pia. Kwa koyote peke yake, anajitwika teke la bunduki begani na gharama ya risasi bure.

Risasi ya .223 ya greni 55, yaani gramu 3.6, hutoka na mwendo wa karibu mita 990 kwa sekunde. Achague yenye ncha ya plastiki na ganda jembamba, inayofunguka ndani ya kifua. Kabla ya kulipa, asome namba iliyoandikwa kwenye mtutu. 1:9 maana yake mifereji ya ndani huzungusha risasi mara moja kila inchi 9. Hiyo inashika greni 55 hadi 69 vizuri. Kwenye 1:12 asipite 55, maana risasi nzito itayumba na kutoboa karatasi kiubavu. Na mtutu ulioandikwa .223 tu asiulishe 5.56, risasi ya kijeshi inayofanana nayo: shinikizo hupanda kupita kiasi.

Ile ya jirani tunashuku skrubu za darubini. Azifungue, afute mafuta kwa alkoholi, azikaze kwa kipimo cha mtengenezaji, siyo kwa nguvu za mkono. Kisha apitishe noti chini ya mtutu kuanzia ncha hadi karibu na chumba cha risasi. Ikikwama, kitako kinaugusa mtutu. Mbao ikivimba kwa unyevu inausukuma, na risasi inapiga pembeni.

Darubini ya 3-9x40 (inakuza mara 3 hadi 9, lenzi ya mbele milimita 40) inatosha. Aanze kulenga kwenye mita 25, kisha 100, akipiga risasi 3 na kuacha mtutu upoe. Kwenye darubini nyingi za huko, kliki moja ya kirungu cha kurekebisha husogeza pigo, yaani pale risasi inapotua, milimita 7 hivi kwenye mita 100. Kwenye mita 100 pigo liwe sentimita 3.5 juu ya alama anayolenga. Litarudi kwenye alama karibu mita 180. Ila upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa utaisogeza risasi sentimita 10 hivi kwenye umbali huo, yaani inaweza kukosa moyo na mapafu. Siku kama hiyo asubiri wasogee.

Kibali aulize ofisi ya wanyamapori ya jimbo lake. Asipige kamwe koyote aliyesimama juu ya mgongo wa kilima, kwa kuwa nyuma yake hakuna udongo wa kupokea risasi. Na alfajiri atazame mkia: koyote hukimbia akiwa ameushusha, mbwa wa jirani mara nyingi huuinua.