Shairi Kwenye Trei ya Mayai

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi nina watoto wawili, wa kiume miaka 9 na wa kike 6, tupo Tanga. Huyu mkubwa shuleni wanakaririshwa mashairi, ukikosea unasimamishwa mbele ya wenzako, sa hivi akisikia tu neno shairi ananuna. Likizo hii nataka nimrudishe kidogo kidogo ila hata mimi mwenyewe mizani na vina vilinishinda sekondari, na hela ya kununua marangi sina. Nianzie wapi?
– Mama Wawili

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza hilo daftari la shule liweke juu ya kabati mpaka likizo iishe. Halafu kaombe trei mbili za mayai dukani, zile za mayai 30, kata vipande vinne, kila kipande mashimo 8, manne kwa mawili. Sasa leta maharage. Kila silabi harage moja, mtoto anatamka huku anadondosha, pa-ka-ka-i-ba-da-ga-a, mashimo yamejaa, hiyo ndo mizani 8, mstari mmoja wa utenzi, kile kilichokushinda sekondari kimeishia hapo mezani. Harage likikosa pa kukaa utamwona mwenyewe anahangaika kutafuta neno fupi, wewe nyamaza tu, endelea kuchambua mchele wako.

Ila usije ukaaibika kwenye "m" na "n". Ile inayosimama peke yake ni harage zima, mtoto ni m-to-to, hata mbu ni m-bu, lakini panda ni pa-nda, mawili tu. Wajukuu zangu waligombania "mkono" mpaka chai ikapoa. Walichotoa ni hiki:

Paka kaiba dagaa
Akapanda kwenye paa
Bibi chini ashangaa
Na fagio mkononi

(Bibi ndo mimi, na dagaa walikuwa wa jioni!) Sasa angalia vina. Shimo la mwisho la kila mstari toa harage, mitatu ya kwanza weka punje ya hindi maana yote inaishia na "a", wa nne weka choroko. Ubeti wa pili ile mitatu wanaweza kubadili kina wanavyotaka ila wa nne lazima urudi kwenye choroko ileile, "ni". Mwana Kupona kule Lamu mwaka 1858 alimtungia binti yake utenzi kwa mpango huohuo, kwahiyo mama kukaa na mwanae na mizani 8 sio mambo ya kizungu haya.

Siku wakichoka maharage hamia kwenye kanga. Itandaze yako moja chini wakague wenyewe, pindo linazunguka pande zote, mji katikati, na jina, yale maneno yaliyoandikwa, chini ya mji. Kisha kila mtu karatasi yake. Rangi ipo jikoni, bizari ya manjano ikorogwe na maji kidogo, mkaa uliosagwa, rozela ukipata, na kiazi ukikikata katikati na kukichonga ua kinakuwa muhuri mzuri sana kwa pindo. Jina watunge wao, wasinakili la kwenye kanga yako, na mkubwa mwambie lienee kwenye mashimo 8. Baba yao kama yupo mbali atume la kwake kwa voisi, watoto wahesabu kama limetimia, hapo ndo patachangamka. Zikikauka zianike kwenye kamba kama kanga za kweli, majirani wapite wasome.

Makosa ya herufi achana nayo. Na huyo wa miaka 6 usimlazimishe kuandika, yeye achore mji wake, akuambie jina kwa mdomo, wewe uandike vilevile alivyotamka hata akisema "kuku anataka kulala na mimi", hiyo imezidi mizani ndio, muachie.